Ndama wa Kwamhina

Tik. Kimya kidogo. Tik, tik.

Jogoo alikuwa hajawika. Nilikuwa macho kitandani, pumzi ya mwanangu Mwanaidi ikinipiga shingoni, nikazisikia punje za mahindi zikidondoka kwenye kopo. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, huchagua mbegu gizani. Anasema akiwasha tochi atapumbazwa na rangi, wakati vidole vyake vinajua punje ipi imejaa na ipi imetobolewa. Za kichwani mwa gunzi na za kitakoni huziweka kando, kuku wapate. Za katikati tu ndizo zinazoingia koponi.

Nikawaza, hizi mbegu ni za wapi tena? Mahindi yetu ya mbugani yalikuwa yameshaanza kubeba, na mume wangu Faraji alikuwa amelala huko huko juu ya dungu, akiyalinda na nguruwe. Mbegu za mashamba ya hapa karibu na nyumba zilikuwa tayari, zimening'inia juu ya moshi wa jiko. Na mama hachagui mbegu kwa utulivu ule bila kuwa na ardhi kichwani.

Nilipotoka kuwasha moto aliniambia, uso bado umeinamia ungo.

"Kwamhina pamepumzika vya kutosha. Masika hii utalima wewe."

Nilishika ukuta. Tangu niolewe nimelima na mama, nimelima na Faraji, nimelima kibarua kwa majirani. Shamba la kuitwa langu sikuwahi kuwa nalo, na sikuwa nimeliomba.

Mimi nimezaliwa Dindira, juu kule Korogwe, kwenye chai na ukungu. Kwetu ardhi haipumziki, maana ikipumzika watu watakula nini? Baba alikuwa na matuta ubavuni mwa mlima, moja juu ya jingine kama ngazi, upana wa tuta ni mkeka na nusu. Humo humo mahindi, maharage chini yake, migomba pembeni, na ng'ombe mmoja amefungwa bandani tunamkatia majani kwenye kingo za njia. Kwa hiyo nilipoletwa huku Handeni nikaona nchi tambarare, vichaka na nyasi hadi macho yachoke, nilishangaa watu wanasinzia vipi. Kwamhina nilikuwa napapita nikienda kuchota maji. Ni shamba aliloliacha mama mwaka aliofariki mumewe, marehemu mzee Mhina, na jina limebaki lake. Migunga imeota, mikole imeota, nyani wamefanya kwao. Mimi roho inaniuma, mama ananicheka. "Ninyi Wasambaa," ananiambia, "mnalima ukutani. Jembe likikuponyoka linaua mtu wa chini. Ndiyo maana mna haraka hata na udongo."

Nilikuja kumwelewa kwenye masomo ya jioni, pale shule ya msingi, ambako mwalimu Dominiko hutufundisha watu wazima kwa taa ya sola. Siku moja alitueleza jinsi watu walivyoanza kulima duniani. Mwanzoni, sehemu nyingi, watu walifyeka pori, wakachoma, wakapanda kwenye majivu, udongo ukichoka wakahama wakauacha uote tena. Watu walipoongezeka kila nchi ikatafuta njia yake. Wengine walivuta maji ya mto kwa mifereji, wengine wakachonga ngazi milimani wakapanda mpunga, nikafurahi kusikia kwamba baba yangu ana wenzake mbali huko. Na Ulaya ya zamani, akasema, palikuwa na vijiji vilivyogawa ardhi yao mara tatu. Sehemu mbili zinalimwa, moja inapumzika, na kwenye ile inayopumzika wanafunguliwa mifugo ya kijiji kizima waile na kuitia mbolea.

Nakumbuka Nasinkoi, jirani yangu wa benchi, alinyoosha mkono. Ni mke wa mfugaji, rafiki yangu, ananiletea maziwa nami nampa unga. Aliuliza kama ni ng'ombe wa kila mtu. Mwalimu akasema wa kila mtu. Akauliza mwenye shamba hakasiriki. Mwalimu akasema anashukuru kwa ile mbolea. Nasinkoi akajifunika mdomo kwa shuka akacheka, nami nikacheka kwa kuwa yeye amecheka.

Basi asubuhi ile tuliondoka, mama mbele na panga, mimi nyuma na panga, Mwanaidi katikati na chupa ya maji aliyoikumbatia kama mtoto wake. Ilikuwa Februari, jua linachoma hata kabla halijapanda. Nyasi zote zimekuwa vumbi. Mama alikuwa ananipa masharti njiani. Kichaka tukifyeke wiki hii, maana kinataka kukauka vizuri kabla ya mvua. Kikichomwa kibichi hakitoi majivu, kinatoa moshi tu. Tukichelewa, masika itatukuta na magogo mabichi na hatutapanda mwaka huu. Miti mikubwa tusiitoe kisiki, ikatwe usawa wa kiuno ili siku tutakapoliacha tena shamba ichipue haraka. Nilimwambia amenipa leo anazungumzia kuliacha. Akasema ndivyo linavyopewa.

Ghafla akasimama.

Harufu ilitufikia kwanza. Moshi, na mavi ya ng'ombe ya kijani. Halafu tukatokeza kwenye uwazi ambao haukuwepo.

Kwamhina palikuwa pamekatwa. Migunga yote ya upande wa njia ilikuwa chini, matawi yake yamezungushwa ua wa miiba mrefu kunishinda. Ndani ya ua ndama, wengi, mbavu zinahesabika. Vijumba viwili vya matawi vilikuwa vimeezekwa nusu. Chini ya vichaka vilivyobaki, pale ambapo majani makavu yalikuwa yamelala miaka yote hiyo yakigeuka udongo, kwato zilikuwa zimepasaga pote. Nilimtazama mama nikitegemea atapiga yowe, lakini alienda taratibu mpaka kwenye kisiki kimoja, kimekatwa chini kabisa sentimita chache kutoka ardhini, akaweka kiganja juu yake. Utomvu ulimganda mkononi. Akautazama mkono kama si wake.

"Mama Mwanaidi. Karibuni, karibuni."

Ni Nasinkoi. Alitoka kwenye kijumba na kibuyu mkononi, anatabasamu meno yote. Nawaambieni, lile tabasamu lilinishtua kuliko ile miti. Mtu aliyevamia shamba hakaribishi watu hivyo. Alimwendea Mwanaidi akampangusa vumbi usoni, akasema mtoto amekua, akauliza tumeamkaje. Nikamuuliza kama anajua pale ni pa nani.

Alisema anajua. Ni pa bibi. Ndiyo maana wamekuja kwa amani, wamechagua shamba linalopumzika badala ya pori la watu wasiowajua.

"Mwalimu alisema," akaniambia, tena kwa upole, kama ananikumbusha kitu nilichosahau. "Shamba likipumzika wanakula ng'ombe wa kijiji kizima, na mwenyewe anashukuru. Angalia mbolea yote hii, rafiki yangu. Nilimwambia Loishiye, mama Mwanaidi atafurahi."

Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa habari ya Ulaya? Kwamba hapa kwetu majani yaliyooza ndiyo mbolea, na miti ndiyo akiba, na shamba likipumzika huliingii hata na mbuzi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa Handeni miaka nisijue hayo mpaka nilipofundishwa ubaoni. Yeye alikuwa amesoma somo lile lile, kwenye benchi lile lile.

Loishiye, mumewe, alikuja akitokea upande wa kisima, fimbo begani. Ni mtu mzima, ana heshima zake. Aliinamisha kichwa mbele ya mama akasema, "Shikamoo, yeyo," ndiyo mama kwa lugha yao.

Mama hakuitikia.

Tangu nimjue sijawahi kumwona akiiacha shikamoo ya mtu hewani. Hata mlevi anamwitikia. Loishiye alisimama vile vile kichwa chini, na Mwanaidi akawa anawatazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri marahaba. Mama akamuuliza nani amempa ruhusa ya kukata miti ya mume wake.

Loishiye akainua fimbo, akaonyesha kule chini bondeni, kwenye mbuga, ambako kwa mbali mahindi yetu yalionekana kama kipande cha kitambaa cha kijani kilichodondoshwa kwenye nchi iliyoungua.

"Nyasi za ndama wangu zilikuwa pale," alisema. "Muulize mwanao."

Akatusimulia, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Pale mbugani ni mahali alipopatenga baba yake, mzee Parsimei, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Ng'ombe wakubwa hawakanyagi. Masika nyasi zinaachwa zikue, kiangazi zinaachwa zisimame, mpaka mwezi kama huu ambao kila mahali pamekuwa vumbi, ndipo wanafunguliwa wale wadogo wasioweza kutembea kufuata kundi mtoni. Mlangoni wanaweka matawi ya miiba ili kila mfugaji ajue. Mwaka jana waliondoka na kundi kama kawaida. Waliporudi wakakuta mahindi.

Nikakumbuka jiko langu. Maana hayo matawi ya miiba nayajua. Faraji aliyaleta nyumbani Desemba, siku ile trekta lilipopita kulimia watu. Aliyaleta kama kuni. Tulipikia. Na siku ile kila mtu kijijini alimsifu, mimi wa kwanza, kwa kuona kile ambacho wengine hawakukiona, ardhi nzuri yenye unyevu, nyasi zimesimama mpaka kifuani, hakuna ng'ombe aliyezila wala jembe lililoigusa. Pori la bure. Nilimwambia kwetu Dindira nyasi kama zile watu wangeshikana mashati.

Kumbe zilikuwa zimepumzishwa.

Mama alikaa juu ya kisiki. Mkono wenye utomvu ameuacha wazi juu ya goti. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu." Loishiye akainua kichwa.

Lakini marahaba haikumaliza kitu. Kabla jua halijafika utosini habari zilikuwa zimefika kijijini, na zilifika zimevimba. Mwenyekiti wa kitongoji, Ramadhan, alikuja na vijana wenye mapanga, wengine wakiwa hawajui hata kilichotokea ila wamesikia Wamasai wamemnyang'anya bibi shamba. Kutoka upande wa pili walitokea morani wanne, hawasemi, wameegemea fimbo zao. Faraji alifika mwisho, amepanda mbio kutoka mbugani, shati limemganda mgongoni.

Walibishana sana, na mengi sikuyashika kwa kuwa walisema wote kwa pamoja. Faraji alisema nyasi hazina mwenyewe, angeonyeshwa jembe la nani lilipita pale. Loishiye akamuuliza, na kichaka hiki, jembe la nani limepita? Kijana mmoja akasema wafugaji kazi yao ni kutembea, watembee basi. Morani mmoja akajibu kwamba wakulima wao kazi yao ni kula kila walichokiona kimesimama, wakimaliza nyasi watakula na nguzo za umeme. Mtu akacheka, na kile kicheko kilikaribia kuleta balaa. Niliona panga likihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Nikamvuta Mwanaidi nyuma ya sketi yangu.

Ramadhan alijaribu kukata shauri. Ndama watoke Kwamhina leo hii. Loishiye akasema kundi kubwa liko mtoni, mbali, na ndama hawa hawafiki. Wataanguka njiani mmoja mmoja, na ndama ndio mwaka kesho wa mfugaji. Aliomba wabaki mpaka mvua ianze, nyasi zichipue, aondoke na ua wake. Mama akasema mvua ikianza ndipo yeye amekosa, maana kichaka kisipofyekwa wiki hii hakitaungua, na kisipoungua hakipandwi. Wote wawili walikuwa wanazitaka siku zile zile. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mapanga.

Ramadhan alimgeukia mama akamwambia yeye ndiye mwenye shamba, aseme neno la mwisho ili vijana wajue la kufanya.

Mama akajipangusa mkono kwenye khanga. "Shamba nimeshalitoa," akasema. "Ni la mke wa Faraji. Muulizeni yeye."

Watu wote wakanitazama. Mimi, wa kutoka milimani, niliyepata shamba alfajiri na kulikosa kabla ya chai. Nilimwangalia Nasinkoi. Tabasamu lilikuwa limeisha. Alikuwa amemshika ndama mmoja mweupe shingoni, na niliona kwamba ameelewa sasa, na kwamba ana aibu kwa kitu alichokifanya kwa wema. Nilitaka kulia. Nilitaka pia shamba langu, nisiwadanganye. Nimelitaka muda mrefu kuliko nilivyojua. Nilikuwa nimeshaona kichwani mistari yake, na mwanangu akichuma kunde pembeni.

Nikasema nalitaka shamba langu wiki hii. Vijana wakanguruma kwa furaha. Nikasema sijamaliza. Nalitaka, na ndama sitaki wafe, kwa kuwa wakifa Kwamhina hatutalima kwa amani, tutalima na mapanga kiunoni. Ndama wanataka kula mpaka mvua ije. Wanapaswa kula pale walipowekewa.

Nikanyoosha mkono kuelekea mbugani. Nikasema, "Bondeni kuna kitu kimoja tu kibichi. Kila mtu anakiona."

Hakuna aliyegeuka kutazama, lakini kila mtu alikiona. Faraji alinitazama kama nimempiga kofi mbele ya mama yake. Yale mahindi amelala nayo juu ya dungu, amefukuza nguruwe kwa kugonga debe mpaka sauti imekauka. Yalikuwa yamebakiza kidogo tu tuanze kuyachoma tule. Sikuwahi kumsemea mume wangu hadharani.

"Umerogwa?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

Halafu akaondoka. Aliteremka bondeni bila kumuaga mtu, akapotea kwenye mahindi yake.

Ramadhan akawarudisha vijana nyumbani, akasema tutaongea kesho. Jioni Faraji hakuja kula. Nilimfunikia ugali, ukapoa. Mama hakunilaumu wala hakunisifu. Alimwosha Mwanaidi miguu, akamlaza. Niliketi nikifikiri kwamba labda nimeshapoteza vyote, shamba, na rafiki, na mwanaume mzuri ambaye kosa lake ni kuona nyasi akaona nyasi tu, kama mimi.

Asubuhi nilichukua panga nikaenda Kwamhina na mama na mtoto, hata sijui kufanya nini. Ua ulikuwa wazi. Ndama hawakuwepo. Nasinkoi alikuwa peke yake, anabomoa kijumba chake, anayapanga matawi juani, makavu upande mmoja na mabichi upande mwingine, ili yatufae kuchoma. Nilimuuliza wamekwenda wapi. Alinionyesha kwa kidevu. Machoni alikuwa na hofu, kama mtu aliyeshuhudia jambo ambalo hajui kama ni zuri au baya.

Tulishuka bondeni. Mama alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Tulimkuta Loishiye nje ya shamba, amesimama, mikono miwili kichwani, fimbo imeanguka miguuni na hajaiokota. Alimwambia mama, kabla hata ya salamu, kwamba yeye hakuingiza mifugo, Mungu ni shahidi. Faraji mwenyewe alikuja alfajiri akawafungulia ndama, akamwita.

Uzio wa shamba ulikuwa umelala chini upande wote wa juu. Ndama walikuwa ndani, wamezama kwenye kijani mpaka mgongoni, na sauti ya kutafuna ilikuwa kama ya mvua. Katikati yao Faraji, shati amelivua. Alikuwa anakata mabua kwa panga, mstari kwa mstari, mahindi machanga yakiwa na nywele zake bado, anayavunja kwa goti ili wale wadogo kabisa waweze kuyauma, anawawekea mbele ya midomo. Yule ndama mweupe alikuwa anamfuata nyuma. Faraji hakutuangalia. Machozi au jasho, kwa pale tulipokuwa nisingeweza kujua. Alimaliza mstari mmoja akaanza mwingine.

Nimekaa na wakulima maisha yangu yote, wa milimani na wa huku chini. Sijawahi kuona mkulima akifanya vile, na kwa uso wa Loishiye nilijua kwamba wafugaji pia hawajawahi. Nilitaka kukimbia nikamshike mkono mume wangu, nikabaki nimemshika Mwanaidi.

Mwanaidi akaniachia mkono, akasogea mpaka kwenye uzio ulioanguka, akatazama vizuri.

"Baba anawapa ndama mahindi yetu," akasema.